Hema la Mume Wangu na Ufunguo wa Mama

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Isevya, Tabora mjini, na kwa kazi ya mikono yake sijawahi kumlaumu. Suruali aliyoishona yeye ilidumu mpaka mwenyewe akaichoka. Lakini ukimpeleka mnadani, akili yote ilibaki nyumbani. Hata leo tulivyozeeka, simtumi kununua kitu peke yake.

Miaka ile baada ya Azimio la Arusha tuliamua kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Goweko, ambako watu walikuwa ndiyo kwanza wanafyeka msitu. Tuliambiwa mapema kwamba nyumba hazipo. Tutazijenga kwa msaragambo, watu wote nyumba moja, kisha nyingine, mpaka kila mtu apate. Wenzetu walijiandaa kwa mikeka, majembe na vyungu. Mume wangu alikwenda mnadani. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima madini alikuwa anafunga virago kurudi kwao, na vyombo vyake vya porini vilikuwa vinauzwa. Mume wangu akarudi na kitanda cha kukunja, jiko la mafuta ya taa la kupampu, na hema la kijani ambalo wanaume wawili walilibeba kwa kupokezana na kusonya. Baiskeli yetu haikurudi. Aliitoa ili avipate hivyo vitu.

"Mke wangu," akaniambia, "wenzako watalala chini ya miti. Wewe utalala ndani tangu siku ya kwanza."

Niliililia ile baiskeli, nikanawa uso, nikaanza kufunga vyombo. Wanasema majuto ni mjukuu. Sisi tulimpata mjukuu kabla hatujapata mtoto.

Kitanda cha kukunja kilijikunja chenyewe siku ya kwanza tulipofika, mume wangu akiwa juu yake akiwaonyesha majirani jinsi kilivyo imara. Jiko lilitaka spiriti ya kuliwashia, na spiriti ilikuwa Tabora mjini, na sisi tuko porini tumezungukwa na kuni. Hayo ningeyasamehe. Lililoniumiza lilimhusu mama.

Baba alikuwa amefariki, na mama alibaki peke yake kule Choma, upande wa Igunga, katika nyumba ambayo baba aliijenga. Kila nilipofikiri anavyokula peke yake jioni, chakula changu kilinishinda. Nilimbembeleza kwa miezi aje akae nasi. Mjomba, ndugu yake, hakutaka. Mwishowe mama akasema atakuja kuona kwanza. Akafunga nyumba, akafundika ufunguo kwenye pindo la khanga yake, akapanda lori lililokuwa likileta watu na unga kijijini. Lori hilo lingerudi Jumamosi, na kila mtu alijua kwamba asiporidhika ataondoka nalo. Mimi nilijua pia kwamba akiondoka safari ile, hatakuja tena.

Alifika mchana. Hema lilikuwa limesimama, kubwa, vigingi vyake vya chuma vimepinda kwa ugumu wa ardhi. Mama akalizunguka polepole, mzigo kichwani.

"Mimi nalala wapi?" akaniuliza.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni akitazama chini, kama heshima inavyotaka. Akanijibu mimi: "Mwambie mama, mle ndani wanaenea watu sita."

Majirani waliokuwa wamekuja kumpokea wakatazamana. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha majanini. Mume wangu, ingawa ni mtu wa mjini, aliyajua yote hayo na aliyashika. Mama alipokuja kututembelea Isevya, yeye alikwenda kulala kwa rafiki yake bila kuambiwa. Lakini pale mnadani, kichwani mwake alikuwa ananunua chombo cha safari. Haikumpitia akilini kabisa kwamba chombo kile kina paa.

Jirani mmoja, mama mwenye huruma, akajaribu kuokoa mambo. "Hilo si paa, mama. Ni nguo tu."

"Nguo?" mama akasema. "Basi ndiyo vibaya zaidi. Mnataka nilale na mkwe wangu ndani ya nguo moja?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Mume wangu akatoa mkeka wake, akaenda kuutandika chini ya mti, lakini mama akakataa pia. Alisema hakuja kumtoa mtu kwake. Akaenda kujibanza katika kibanda cha nyasi cha yule jirani, ambamo walikuwa wamejaa tayari, na mzigo wake hakuufungua.

Kesho yake nikamwendea mwenyekiti wa kijiji. Nilitaka kumwomba nyumba yetu ijengwe mapema, na kibanda cha mama kando yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi zamu yenu ni ya mwisho."

Nikamuuliza sababu.

"Mna nyumba tayari," akasema, bila ubaya wowote. "Kubwa kuliko ofisi ya kijiji."

Nilirudi na hasira. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo fundi cherehani hawezi kuyatia kiraka. Nikamwambia hema lake kwanza lilikula baiskeli, sasa limekula nyumba, na Jumamosi litakula mama yangu. Alikuwa anazungusha kofia yake mkononi.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kisimani nikakuta hema liko chini, limetandazwa kwenye majani, na mume wangu amepiga magoti katikati yake ameshika mkasi mkubwa wa kukatia makoti. Nilidhani maneno yangu yamemtia wazimu. Alipima kwa mkono, akapima tena, akakata. Turubai lile lilitoa sauti nzito, naye akawa anafumba macho kila anapobana mkasi. Alilipenda lile hema. Lilikuwa kitu cha kwanza kikubwa alichowahi kumiliki, na alikuwa analigawa vipande viwili. Nikaweka ndoo chini. Hasira ikanitoka yote, nikamwonea huruma na kumpenda kwa pamoja.

Cherehani haikuweza turubai lile, ilivunja sindano ikakaa kimya. Akachukua sindano ya magunia. Mimi nikawa namsugulia uzi kwa nta ya nyuki, yeye anashona, vidole vinatoka damu. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda kwenye msaragambo walimtania.

"Fundi, hiyo suruali ni ya tembo?"

"Ni ya mkwe wa tembo," akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu mama afike.

Jioni mahema mawili madogo yalikuwa yamesimama kwa nguzo za miti, yamepeana mgongo, mlango wa moja mashariki, wa jingine magharibi, na katikati uwanja wa kutosha heshima kupita. Mle ndani ya lile la mama tukaweka kitanda cha kukunja, kwa kuwa ndicho kitu bora tulichokuwa nacho.

Mama akaja kuangalia. Aliinama, akaushika mshono, akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Mwambie aliyeshona," akaniambia, "mshono umekaza."

Mume wangu alikuwa hatua chache tu, amegeuza uso. "Mwambie mama, mvua ikinyesha asiguse turubai kwa ndani. Linavuja panapoguswa."

"Mwambie nimesikia."

Nilisimama katikati yao nikipitisha maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia. Mama akaingia kulala. Lakini nilichungulia, na mzigo wake ulikuwa bado umefungwa.

Alfajiri ya Jumamosi ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu. Lori likafika likiteleza, likapiga honi. Mama akatoka hemani. Mikononi hakuwa na kitu. Akaenda moja kwa moja kwa dereva, ambaye alikuwa mtu wa Igunga na alimfahamu mjomba, akafundua pindo la khanga, akamkabidhi ufunguo.

"Mpe ndugu yangu," akasema. "Mwambie nyumba ile aweke mahindi yake."

Nililia pale pale mvuani, mbele ya watu, wala sikuona haya. Kule nyuma ya hema lake mume wangu alikuwa anakaza kamba, nami nikaona mikono yake imesimama. Mama akageuka, akapaza sauti zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye karibu kama mimi.

"Mwambie mwanangu aje achukue kitanda chake. Kimenikunja usiku kucha."

Nikaenda nikamwambia, ingawa alikuwa ameshasikia.