Mama Alivyotupima kwa Sukari

Mama alitupima kwa sukari. Usinicheke. Miaka ile maduka ya Tanga yalikuwa matupu, sukari tukiisikia tu, na chai tuliinywa kwa tende au tukaimeza hivyo hivyo. Lakini nyumbani kwetu Makorora, ndani ya kasha la nguo, mama alificha kopo la sukari ambalo hata mgeni hakufunguliwa. Siku roho yake ikikosa utulivu, alituita mimi na kaka yangu, akachovya ncha ya kijiko, akasema, "Haya, lamba." Kisha akatukodolea macho usoni.

Sababu ilikuwa baba. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini, na watu walimfuata kutoka Pongwe. Basi akaanza kupungua, wala si kwa homa. Kwanza halua, aliyoipenda mno, ikamshinda. Alitafuna kidogo akaiacha. Kisha taarab ya redioni akawa haitaki. Kisha kazi. Alikata kola vibaya, akaelekezwa, kesho yake akaikata vile vile. Ukimkaripia, sawa, ukimsifu, sawa. Hakuna kilichomwingia. Mwenye duka, mzee mpole, akamwambia, "Fundi, nenda nyumbani upumzike, cherehani yako ipo." Baba akaja akakaa kitandani, na pale kitandani tukampoteza angali hai.

Watu walisema jini, wengine wakasema husuda. Mama alizunguka kwa waganga mpaka akachoka, ndipo akampeleka hospitali. Daktari alimweleza taratibu: ubongoni mna mahali panapomwambia mtu kitu hiki kizuri, kirudie, na kwa njia hiyo mtu hujifunza. Kwa baba pamefifia. Akauliza kama kwenye ukoo yumo mwingine. Yumo. Babu yake baba alikufa hivyo hivyo, ameupa ukuta uso. Na babu huyo alikuwa babu yake mama pia, maana wazee wangu ni watoto wa ndugu, waliozwa ndani kwa ndani kama ilivyokuwa desturi. Daktari akasema hatari ya namna hiyo hupita kwenye damu, lakini si kila anayeirithi huugua. Lahaula! Mama alishika maneno ya kwanza tu. Yale ya mwisho aliyaacha hospitali.

Ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Sukari ikajaa madukani magunia kwa magunia, nami nikadhani kopo litatupwa. Wapi! Mama aliona sasa ndiyo balaa, maana mtoto aliyezoea vitamu utamjuaje? Kaka alipofeli mtihani hakuulizwa kitu, aliletewa kijiko kwanza. Akalamba, akacheka, akaomba tena. "Kumbe mvivu tu!" mama akasema, akamzaba kibao huku machozi ya furaha yakimtoka.

Baba tukamzika. Nami nikafika umri ule aliougulia. Mwaka huo uchumba wangu ulivunjika, nikawa nashinda kimya, chakula sikitaki. Jioni moja mama akatoa kopo. Nikapandwa na hasira.

"Mama, mimi si mbuzi wa mnadani!"

"Lamba, mwanangu. Nakuomba."

Nikaona haya. Nikalamba. Ilikuwa tamu, wallahi, tamu mpaka nikalia, maana hata mimi nilikuwa naogopa. Mama akasema alhamdulillahi, akakaa chini kwa kishindo.

Nikamtazama pale alipokaa. Ilikuwa muda sasa hajaimba jikoni. Khanga mpya niliyomletea Idi ilikuwa bado imekunjwa. Mchuzi alikuwa anautia chumvi mara mbili, ukimwambia anasema sawa, na kesho anautia tena mara mbili. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiilamba sukari ile.

Nikachovya kijiko. "Na wewe, mama."

"Mie mzee, nipimwe nini?"

"Lamba, mama. Nakuomba."

Akainamisha macho kwenye khanga yake. Nikasogeza kijiko. Kabla hakijamfika mdomoni, akasema, "Tamu."