Jemadari Asiye na Miwani

Sijui Songea hii nitapita wapi tena. Kwenye mchezo wetu wa kuchekesha kuhusu vita vya kale, mimi ndiye jemadari aliyeapa kutompigia mtu magoti. Mwongozaji akanivua miwani, eti wapiganaji wa zamani hawakuvaa. Nikabaki naona ukungu mtupu.

Ukumbini alikuwepo baba wa mchumba wangu, ametoka Namtumbo kunipima kabla hajapokea posa. Mara mzee mwenye mkongojo akapanda jukwaani. Mjinga mimi nikajua ni yeye, anakuja kunitunza noti kama watazamaji wetu wanavyofanya. Nikatupa mkuki, nikapiga magoti.

“Shikamoo, baba!”

Kumbe ni mwenzetu anayeigiza mfalme wa maadui! Akaduwaa, ndevu zake za pamba zikadondoka.

Kutoka viti vya mbele sauti ikaita, “Mwenye binti niko huku, jemadari!”