Bi Vifungo na Breki za Mbele

Bi Vifungo alijifunza kuendesha gari akiwa tayari na wajukuu, na hakujifunza kwa kupenda. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa cherehani na chaki, na kwa miaka mingi kazi yake ndani ya gari ilikuwa kukaa upande wa abiria na kumwambia mumewe apunguze mwendo. Mumewe alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, mwenye shingo nene na maneno machache, na mtaa mzima ulimwita Mzee Gia. Kisha presha ya macho ikamjia polepole, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Jicho la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata. Siku daktari aliposema hakuna tena cha kufanya, Mzee Gia alitoa funguo za gari mfukoni akamwekea mkewe kiganjani.

"Zishike wewe," alisema. "Mimi sasa ni mzigo."

"Mzigo hukaa nyuma," Bi Vifungo akamjibu. "Wewe utakaa mbele unifundishe."

Akamfundisha kwa masikio. Alisikia gia ikilia akasema, "Badilisha." Alisikia tairi likigusa kokoto za pembeni akasema, "Rudi barabarani, mama, huko ni kwa mbuzi." Bi Vifungo akapata leseni, akaanza kupeleka mwenyewe mabunda ya sare kwenye shule. Lakini kadiri alivyozidi kuwa dereva, ndivyo mumewe alivyozidi kuwa mtu wa barazani. Kwanza aliacha kusindikizana naye kwenye safari fupi, kisha hata ndefu. Sanduku lake la spana lilibaki chini ya kitanda likishika vumbi.

Gari lilianza kulia wiki ya kufungua shule. Kila Bi Vifungo alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalitoa sauti ya kisu juu ya sahani. Mzee Gia aliisikia tangu gari likiwa nje ya geti.

"Pedi zimekwisha," alisema. "Hicho ni chuma kinatafuna chuma."

Wakaenda gereji pamoja, ile waliyoizoea tangu zamani, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa fundi mgeni. Mzee Gia alishuka, akapapasa hadi kwenye gurudumu, akaanza kueleza alichosikia. Fundi yule hakumjibu. Alimgeukia Bi Vifungo akasema, "Mama, mwambie mzee akae pembeni pale kwenye benchi, asije akaumia." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliouma. Mzee Gia alikwenda kwenye benchi, akakaa, akaweka mikono magotini. Bi Vifungo alimtazama mara moja tu, akachukua funguo zake akasema watarudi siku nyingine. Njiani walipita dukani wakanunua pedi na diski mbili mpya za mbele, na hakuna aliyemwambia mwenzake za nini.

Jumamosi asubuhi Bi Vifungo aliliburuta sanduku la spana kutoka uvunguni hadi uani.

"Haya, Mzee wangu. Tunaanzia wapi?"

Mzee Gia alipapasa kifuniko cha sanduku. "Wewe umewahi kufungua tairi?"

"Sijawahi. Hata kola ya shati sikuwahi kuishona kabla ya ile ya kwanza."

Mzee Gia akacheka kidogo puani, akajivuta na kiti chake hadi kando ya gari. Akamwambia avute handibreki na aweke mawe kwenye magurudumu ya nyuma, maana ua wao ulikuwa na mteremko kuelekea kwa jirani. Kisha alegeze nati za tairi gari likiwa bado chini. Nati zilikuwa zimeshikana kama ndugu wa tumbo moja. Bi Vifungo alisukuma spana kwa mikono, haikucheza. Mwishowe alikunja gauni akasimama juu yake kwa mguu mmoja, na nati ya kwanza ikatoa mlio.

"Uzito wangu leo umepata kazi," alisema.

Akapiga jeki, akaingiza stendi za chuma, akatoa tairi. Hapo ndipo alipoiona diski ya zamani, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, imechimbika mifereji kama ardhi baada ya mvua. Juu yake lilikaa lile bano la chuma ambalo mafundi huliita kalipa, ndilo linalozibana pedi kwenye diski dereva anapokanyaga. Mzee Gia aliomba nafasi. Alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye ukingo wa diski, akaguna. Kisha akatafuta boliti za kalipa kwa nyuma na kuzivalisha spana bila kukosea. Boliti ya kwanza ilitoka. Ya pili spana iliteleza, vidole vyake vikagonga chuma, damu ikatoka, na boliti ikamponyoka ikabingirika mchangani.

Bi Vifungo akamshika mkono. "Hebu nione."

"Niache!"

"Unatoka damu."

"Nimesema niache! Usinishike kama mtoto!"

Bi Vifungo akamwachia. Alikaa chini kwenye mchanga, mgongo kwenye bampa, akiona jinsi mumewe anavyopapasa ardhini kuitafuta boliti ambayo yeye aliiona vizuri kabisa. Ilikuwa karibu na goti la mumewe. Mkono wake mwenyewe ulitaka kwenda kuiokota, akaukalia. Vidole vya mumewe viliipita, vikarudi, vikaipita tena, kisha vikaikuta. Akaifuta kwenye suruali, akaiweka ndani ya kopo.

"Samahani," alisema bila kugeuka.

"Nifungie kidonda kwanza ndipo nikusamehe," Bi Vifungo akajibu, akachana kitambaa. "Yaani nikufungie. Umenichanganya hata maneno."

Wakaendelea. Waliining'iniza kalipa kwa mkanda wa kitambaa ili mpira unaopitisha mafuta ya breki usivutike. Diski ilikuwa imegandana na kutu, ikabidi igongwe nyundo. "Gonga kama una hasira," Mzee Gia alimwambia, na Bi Vifungo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Dakika chache baadaye diski ikaanguka kwa kishindo. Diski mpya aliisafisha kwa spiriti, kuyatoa yale mafuta ya kuzuia kutu iliyotoka nayo dukani, asiiguse tena kwa mikono yenye grisi. Akafungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti, akairudisha ndani pistoni ya kalipa, ile inayozisukuma pedi, kwa kibano cha seremala, taratibu, ili pedi mpya nene zipate nafasi. Mzee Gia alizipachika pedi mwenyewe, akasikiliza zinavyokaa, akakaza boliti kwa mkono wake uliofungwa kitambaa.

Gurudumu la pili lilikwenda kama wimbo. Hawakugombana, hata hawakusemeshana sana. Mmoja alinyoosha mkono na mwenzake akaweka spana ndani yake.

Tairi zikarudi, jeki ikashuka, nati zikakazwa. Bi Vifungo akaondoa mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akaingia ndani kwa furaha ya mtu aliyemaliza nguo ya harusi, akawasha gari, akashusha handibreki. Gari likaanza kuteremka. Akakanyaga breki, na mguu ukazama hadi chini bila kukutana na kitu.

"Mzee! Haishiki!"

"Handibreki!" Mzee Gia alipiga kelele. "Vuta handibreki!"

Akaivuta kwa mikono miwili. Gari likajikwaa, likasimama, pua yake ikiwa imeingia kwenye kamba ya nguo ya jirani, na shuka moja jeupe likifunika kioo chote cha mbele. Jirani, mwalimu mstaafu mwenye ulimi, alitoka na beseni lake mkononi.

"Bi Vifungo! Kama ulitaka kulipinda shuka langu, si ungebisha hodi?"

Bi Vifungo alitaka kucheka, lakini kwanza alizima gari. Alishuka. Mzee Gia alikuwa amesimama pale pale, mikono kichwani, uso umemshuka.

"Nimesahau kukwambia," alisema. "Ukishairudisha pistoni, lazima ukanyage-kanyage pedeli kabla hujaliondoa gari, mpaka iwe ngumu. Kila dereva wa zamani anajua. Mimi najua. Nimesahau." Alishusha mikono. "Ningekuua, mke wangu. Yule fundi alikuwa na haki. Benchi ndiyo saizi yangu."

Bi Vifungo alikuwa na hasira kweli, na alimwambia. Alimwambia kwamba kitu kama hicho hakisahauliki mara mbili. Kisha akasema, "Mimi niliwahi kumshonea mwalimu mkuu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Panda."

"Bado unataka nipande?"

"Nani ataniambia kama zinalia?"

Mzee Gia akazunguka gari kwa kulipapasa, akaingia. Bi Vifungo akakanyaga pedeli mara nyingi, kila mara ikipanda kidogo, hadi ikawa ngumu kama jiwe. Mwalimu akavuta shuka lake, akakagua kama kuna grisi, akawaruhusu kuondoka.

Waliichukua barabara ya nyuma ya uwanja, isiyo na magari. Akaongeza mwendo, akashika breki taratibu, akaachia. Akaongeza tena, akashika. Mara za kwanza kulikuwa na harufu kali na mkwaruzo mdogo. Mzee Gia aliteremsha kioo akatoa kichwa nje, sikio likielekea kwenye gurudumu.

"Tena," alisema. Na baadaye, "Tena. Kulia kuko sawa. Sasa shika kwa nguvu."

Akashika kwa nguvu. Gari likasimama limenyooka, bila kuyumba, bila sauti. Mzee Gia akarudisha kichwa ndani, akajikuna kidevu.

"Jumatatu unapeleka sare shule gani?" aliuliza.

"Ile ya mlimani."

"Kule kuna mteremko mbaya. Nitakuja."

Jumatatu alikuwa wa kwanza kuingia garini, amevaa shati lake la safari, bunda la sare mapajani.