Maziwa Yangu Yalipoitwa Mchanganyiko

Asubuhi za Sosiot ukungu hulala juu ya majani ya chai hadi mtu asijue shamba lake linaishia wapi. Ni katika ukungu wa namna hiyo, mwaka jana, nilipotoka nyumbani na hasira kwenda kumtafuta mwalimu wa sayansi.

Mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye, alikuwa ameambiwa apeleke shuleni kitu safi. Nilimpa maziwa ya ng'ombe wetu, nikamwambia hakuna kilicho safi kuyashinda. Jioni akarudi na chupa.

"Kugo, mwalimu amesema maziwa yako ni mchanganyiko." Kugo ni babu kwa lugha yetu.

Huku kwetu, kumwambia mfugaji maziwa yake yamechanganywa ni kumwita mwizi: ametia maji. Mtoto alijaribu kueleza, nikamnyamazisha. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikasema, utanifundisha nini?

Asubuhi iliyofuata nilikuta mlango wa darasa uko wazi. Sikubisha hodi.

"Mwalimu, nani amekwambia mimi naweka maji kwa maziwa?"

Mjukuu wangu aliinama hadi paji la uso likagusa dawati. Nilimwona, na bado nikaendelea kufoka. Hilo ninalijutia kuliko ujinga wenyewe.

Mwalimu, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, alinivutia kiti. "Karibu, mzee. Kwenye kemia, safi si kukosa uchafu. Ni kitu cha aina moja tu, kama sukari."

"Kwa hivyo sukari ya duka ni safi kuliko maziwa yangu?"

"Hata soda ni mchanganyiko, mzee!" sauti ya mwanafunzi ikatoka nyuma.

Mwalimu akaichukua chupa niliyokuja nayo, akamimina maziwa kwenye glasi, akakamulia limau. Tukangoja. Weupe ulianza kujikusanya, taratibu, kama mawingu yanayotafutana, na kando yake yakabaki maji ya manjano hafifu. Nilitazama kama mtu aliye usingizini. Maisha yangu yote nimeona maziwa yakiganda, wala sikuwahi kujiuliza maji yale yalikuwa wapi kabla.

"Hayo maji si mimi niliyeyatia," nikasema, sauti imepungua.

"Hakuna aliyekushtaki, mzee. Ng'ombe ndiye aliyeyatia."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Mjukuu wangu hakucheka.

Alasiri nilimngoja langoni. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika na ukungu umerudi. Alinipita, akashika njia ya katikati ya chai, sweta yake ikififia mbele yangu mpaka nikaogopa.

"Mama, ningoje."

Alisimama bila kugeuka. "Ungeniuliza mimi kwanza, Kugo. Mimi nilikuwa nimeelewa."

Nilikuwa na mengi ya kujitetea: hasira, jina langu, majirani. Niliyaacha yote.

"Pole," nikasema. "Niambie sasa."

Akapunguza mwendo nikamfikia, akaanza na chumvi, kwamba nayo ni kitu cha aina moja tu.