Nilivyojifunza kumkaanga ngisi hapa Tunduma kabla wifi yangu wa Tanga hajafika

Wakuu, amani iwe nanyi popote mnaposomea uzi huu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, na kwa kawaida hupita kimya kimya. Leo nimeona nami niweke la kwangu. Nitalieleza kama lilivyotokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, kwa sababu bila hizo furaha niliyonayo haitaeleweka.

Kwanza mnifahamu kidogo. Nina miaka arobaini na saba, ni Mndali wa milimani Ileje. Nilisomea kilimo chuoni na nimekuwa afisa ugani tangu nilipohitimu, nikianzia Itaka kwenye kahawa na mahindi. Sasa tunaishi Mpemba, kando kidogo ya barabara kuu ya malori.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Uwakala wa forodha ndio uliomleta mpakani akiwa kijana, akanikuta mimi, hakurudi.

Mume wangu ana dada mkubwa, muuguzi mstaafu, mwanamke mwenye akili na ulimi mwepesi. Siku ya harusi yetu, miaka ishirini na miwili iliyopita, alisema mbele ya shangazi zake, nami nimekaa palepale na shela langu:

"Mdogo wangu nimemsomesha mwenyewe, leo anakwenda kula samaki wa kwenye gunia."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwani bibi harusi angefanya nini kingine?

Nisimwonee. Alisema kweli. Huku kwetu samaki wengi hutoka mbali, hutufikia wamekaushwa, na gunia ndilo begi lao la safari. Lakini kuna kweli ambazo mtu hukusemea siku ambayo huwezi kujibu, na hizo hukaa.

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kufika kwetu. Sisi ndio tuliokuwa tukienda Tanga. Alinipokea vizuri, sina malalamiko, ila jikoni kwake sikuwahi kukabidhiwa hata kukoroga chai.

Mwaka huu, baada ya kustaafu, alimpigia mume wangu simu kwamba anakuja kukaa nasi wiki mbili.

Nilijua palepale ninachokitaka. Nilitaka aketi mezani kwangu, ale chakula cha kwao kilichopikwa na mikono yangu, akose cha kusahihisha. Sikutaka sifa. Nilitaka akose cha kusahihisha, basi.

Nikachagua ngisi wa kukaanga. Sababu ni kwamba kila tukifika Tanga, mume wangu, kabla hata ya kufungua begi, hutoka kwenda kununua ngisi wa kukaanga na kurudi na karatasi inayovuja mafuta. Nikasema, kama ni huyo anayemtoa mtu nyumbani na uchovu wa safari, basi ni huyo huyo.

Kumpata ndiko kulikokuwa kazi. Nilizunguka soko letu la Tunduma na picha kwenye simu. Dada mmoja anayevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kuuza samaki aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza simu juu chini, kisha akaniambia kwa upole, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "Bamayo, huyu wako miguu imeota kichwani. Unamla kweli?"

Wenzake walikuja kuangalia. Nikawaachia kicheko chao nikaondoka.

Mdogo wangu anayeishi Dar ndiye aliyeniokoa. Alinunua kilo mbili sokoni, akawagandisha, akawapanga kwenye boksi la kutunzia baridi pamoja na barafu, akapandisha kwenye basi. Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisi ya vifurushi, na boksi lilikuwa bado baridi. Wifi alikuwa afike Jumatatu.

Kumsafisha hakukunishinda. Unavuta kichwa, utumbo unafuata. Ndani unatoa kitu kirefu cheupe, laini, kinachofanana na kipande cha plastiki. Ndio uti wake, kama tuuite hivyo. Kifuko cha wino unakitoa taratibu kisipasuke. Ngozi ya zambarau inavulika kwa vidole. Kinachobaki ni mfuko mweupe safi, unaukata kwa upana, unapata pete. Miguu usiitupe, ni mitamu.

Nikaziloweka pete kwenye maziwa saa moja, nikazikausha kwa kitambaa safi. Nikachanganya unga wa ngano na sembe laini kidogo, chumvi na pilipili manga. Nikaweka mafuta ya alizeti jikoni.

Hapa sasa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa namna ambayo ni mtu wa kwetu tu anaweza kukosea.

Mama yangu alinifundisha kumkaanga samaki kwa masikio. Unamtia, mafuta yanapiga kelele. Humgusi. Unasubiri. Kelele zinapungua, zinapungua, mpaka mafuta yananyamaza. Yakinyamaza, maji yameisha mwilini mwa samaki, na huyo unaweza kumweka kwenye ungo siku nne bila friji asiharibike. Nyumba nzima ya milimani ililelewa kwa kanuni hiyo. Samaki aliyetolewa mafuta yakiwa bado yanaunguruma, kwetu, ni samaki wa mwanamke mvivu.

Basi nikatia pete za kwanza, robo kilo hivi, nikasimama nikisikiliza. Nilisikiliza kwa karibu dakika nane.

Mafuta yaliponyamaza, pete zilikuwa zimesinyaa mpaka nusu. Rangi ilikuwa nzuri, nikajipa moyo. Nikampelekea mume wangu sebuleni.

Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Alihamisha kile kipande upande wa pili wa mdomo, akatazama dirishani kama mtu anayekumbuka jambo.

"Mama Upendo," akasema mwishowe, "ladha ipo. Tatizo ni kwamba haikatiki."

Nikajaribu mwenyewe. Wakuu, kama mmewahi kubadilisha washa ya bomba, kile kiduara cha mpira, mnajua nilichokuwa nacho mdomoni.

Nikamuuliza kwao hufanyaje. Hakujua. Alikiri kwamba katika maisha yake yote amekula ngisi bila kusimama hata mara moja karibu na karai lake. Akashauri tumpigie dada yake tumuulize.

Nikamwambia hapana, na nadhani sauti yangu ilipanda, kwa sababu alirudi kwenye taarifa ya habari. Ningemuulizaje mtu yuleyule ninayetaka akose cha kunifundisha?

Nilikaa jikoni nikitazama bakuli la pete zilizobaki. Nilijiona mjinga kidogo, nakiri. Nikajiuliza nilikuwa nashindana na nani, na kwa nini nisimpikie tu wali na kuku kama watu wengine.

Kisha nikakumbuka kazi yangu.

Mkulima akiniambia mbegu hii haifai, huwa namuuliza umeipanda vipi. Namwambia atenge mistari michache, kila mstari aupe nafasi yake, apime, aandike. Miaka yote nimewahubiria watu wa Itaka hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda shamba zima kwa nafasi moja, halafu nikailaumu mbegu.

Nikachukua pete sita zinazolingana. Nikaweka saa ya simu mbele yangu na daftari pembeni. Nikazikaanga moja moja: nusu dakika, dakika moja, moja na nusu, mbili, tatu, nne.

Ya nusu dakika ilikuwa mbichi katikati. Ya dakika moja ilikuwa laini, ila unga ulikuwa mweupe bado. Ya dakika mbili ililika, ya tatu ilianza kukaza, na ya nne ilikuwa washa kama wenzake wa mwanzo.

Ya dakika moja na nusu nilipoitia mdomoni, niliweka kalamu chini. Nje ilivunjika kwa sauti ndogo, ndani meno yalipita bila kuombwa mara mbili. Nilikula nimefumba macho.

Kilichokuwa kigumu si kujua muda, bali kuutii. Kwenye dakika na nusu mafuta yanakuwa kwenye kilele cha kelele zake. Kila nilipotaka kutoa, mkono ulikataa. Nilihisi kabisa mama amesimama nyuma yangu anataka kuniuliza nina haraka ya kwenda wapi. Ilinibidi nikaange mara tatu zaidi ili mkono ukubali.

Jumatatu mchana wifi alifika. Aliisifu hali ya hewa, akauliza baridi inaisha mwezi gani, akacheka na mdogo wake. Nilipokwenda jikoni alinifuata. Sikumwalika, ila mtu aliyelea wagonjwa miaka thelathini hahitaji mwaliko wa kuingia popote. Akaona bakuli.

"Ngisi? Huku?"

"Huku huku, wifi."

Alikunja mikono, akaegemea mlango. Nikatia pete za kwanza. Mafuta yakapiga kelele. Saa ilipofika nikazitoa.

"Huyo unamtoa mbichi," akasema.

"Ameiva."

"Mafuta yananguruma hivyo?"

"Yaache yangurume, wifi."

Nikakamua limau. Nikamsogezea sahani. Alichukua moja, akala akiwa amesimama. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu, akaitazama kabla ya kuila, kama anayesoma tarehe kwenye chupa ya dawa.

"Nani amekufundisha?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza mpaka zile pete za dakika nane, ingawa nilikuwa nimeapa sitazitaja.

Hakucheka. Alivuta kiti akaketi.

"Wifi, wa kukaanga mimi hunishinda," akasema. "Nyumbani namtia nazi, namwacha motoni mpaka alainike mwenyewe. Nikimkaanga anakuwa raba. Huyo mdogo wangu unadhani kwa nini akija hukimbilia kununua nje?"

Nilibaki na limau mkononi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa namwogopa mwalimu ambaye somo hilo hakuwahi kulifaulu.

Kisha akainuka, akajifunga khanga kiunoni vizuri, akachukua kijiko cha matundu kando ya karai. Akatia pete. Alianza kunisimulia kisa cha wodini, cha mgonjwa aliyekuwa akificha ndizi chini ya mto, na saa ikawa inakwenda.

"Wifi, toa," nikamwambia.

Akayatazama mafuta. Mkono ulisita palepale wangu uliposita Jumamosi.

"Sasa?"

"Sasa."

Akatoa.

Mezani alimsukumia mdogo wake sahani, akamwambia, "Hizi za juu nimekaanga mimi. Mkeo alinisimamia."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilijishughulisha na kugawa kachumbari, kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyesha watu.

Wakuu, nilichojifunza si kwamba mama alikosea. Kanuni yake ni sahihi kwa samaki wake, kwa nyumba isiyo na friji, na bado nitamkaangia hivyo nikienda Ileje. Mimi ndiye niliyeichukua kanuni hiyo na kumvika kiumbe ambaye mama hakuwahi kumwona. Na kuhusu wifi, niliishi muda mrefu na picha ya hukumu yake kuliko nilivyoishi na yeye mwenyewe. Hilo naliandika kwa masikitiko kidogo, ila masikitiko madogo sana, maana furaha imejaa.

Picha sikupiga. Sahani ilirudi jikoni tupu.

Sasa ninyi wenzangu wa bara, niambieni ni kanuni gani ya jikoni kwenu ambayo mkono ulikataa kuiacha. Na ninyi wa pwani, mkiona nimekosea popote, semeni bila kunihurumia. Nimeshapita kwa msahihishaji mkali kuliko ninyi.