Mfungwa Aliyekuja Kung'arisha Meno

Mtu aliyepaswa kuwa gerezani aliketi kwenye kiti changu cha wagonjwa, akakunja miguu vizuri, akaniambia anataka meno yake yawe meupe kabla ya Jumamosi.

Hakuwa na pingu.

Nyuma yake alisimama askari magereza, kambebea koti mkononi kama mpambe wa bwana harusi.

Mimi ni daktari wa meno. Kazi yangu haina nafasi kubwa ya hisia. Jino limeoza au halijaoza. Lakini asubuhi ile ilinibidi nigeuke ukutani kidogo, nijifanye natafuta glavu ambazo nilikuwa nazo mfukoni.

Nilivaa barakoa, hivyo hakunitambua. Mimi nilimtambua kabla hajakaa. Siku aliyohukumiwa nilikuwa safu ya pili mahakamani, nimemshika dada yangu mkono.

Mjini alikuwa na jina moja tu: Mfadhili. Alilipia wasichana masomo, na magazeti yakampiga picha akiwakabidhi vyeti. Picha hazikuonyesha kwamba kabla ya kulipiwa, msichana aliitwa nyumbani kwake kwa kile alichokiita usaili.

Mtoto wa dada yangu tunamwita Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo hakuwa akinyamaza. Aliitwa kwenye usaili huo akiwa na miaka kumi na tano.

Aliyofanyiwa sitayasimulia. Mwenye haki ya kuyasimulia ni yeye.

"Fungua mdomo," nikamwambia Mfadhili.

Nilimkagua kama ninavyomkagua yeyote. Magego imara. Ufizi safi. Taya linafunguka na kufunga bila kukwama. Kwa umri wake, mdomo ule ungefaa kufundishia wanafunzi.

"Kuna maumivu popote?"

"Maumivu? Daktari, mimi natafuna mifupa." Akacheka. "Jumamosi napigwa picha. Nataka weupe tu."

"Nilidhani wewe ni mfungwa."

Askari ndiye aliyejibu. "Mfungwa ni neno zito, daktari. Mzee yuko kwetu kwa muda."

"Na pingu ziko wapi?"

"Za nini sasa? Mzee wa watu atakimbilia wapi na viatu vile?"

Nilitazama viatu. Vilikuwa viking'aa kuliko vyombo vyangu.

"Sitakung'arishia," nikasema, nikavua glavu. "Huna ugonjwa, na mimi sina nafasi."

Hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki. Wanaenda mlango wa pili. Nikaandika kwenye kadi yake nilichokiona, kama kazi inavyotaka, na askari akamshikia mlango akatoka.

Msaidizi wangu ni mama mtu mzima ambaye wagonjwa walimbandika jina la Bi Koleo. Alisubiri hatua zao ziishe koridoni.

"Daktari, si huyu amefungwa?"

"Amefungwa."

"Basi na mimi nifungwe. Nimechoka kupika."

Kuna jambo msomaji lazima alielewe hapa, la sivyo hataelewa mengine.

Ninachokiona mdomoni mwa mgonjwa ni siri. Siruhusiwi kumwambia mtu yeyote, hata dada yangu, mpaka mgonjwa mwenyewe akubali au mahakama iniamuru. Wengine wataona ni kisingizio. Si kisingizio. Siku daktari akianza kuchagua nani anastahili kutunziwa siri, hakuna atakayefungua mdomo mbele yake.

Kusema nilikatazwa. Kusoma hakuna aliyenikataza.

Kesho yake nilikwenda masjala ya mahakama. Majalada ya kesi zilizokwisha yako wazi kwa kila mtu. Ndiyo sheria, na imebandikwa pale ukutani, pembeni ya kalenda ya zamani.

Karani alinitazama juu ya miwani.

"Wakili?"

"Hapana."

"Mwandishi wa habari?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini na jalada?"

"Kulisoma."

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Haya mama, kaa pale. Majina ya watoto yamefutwa, mengine yote yamo. Kiti kile mguu mmoja ni mgonjwa, usiegemee."

Nilikaa bila kuegemea.

Wasichana waliotoa maelezo polisi walikuwa watano. Mashtaka ya kunajisi watoto yaliondolewa yote, "kwa maslahi ya haki". Likabaki shtaka moja jepesi, shambulio la aibu, naye akalikiri kwa makubaliano. Sisi tuliokaa safu ya pili siku ile tulisikia "amekiri" tukashangilia. Hatukuuliza amekiri nini.

Katika makubaliano hayo, watoto wale watano wanatajwa mara moja tu. Wanaitwa "wasichana walioitikia mwaliko".

Nilisoma sentensi ile hadi macho yakauma. Mtoto wa miaka kumi na tano anataka kusoma, anaitwa na mtu mzima mwenye geti na walinzi, halafu wasomi wenye digrii wanakaa mezani kuandika kwamba ameitikia mwaliko.

Kifungo kilikuwa mwaka mmoja na nusu. Chini yake, kwa herufi zilezile za kawaida, mahakama ilipendekeza mfungwa aruhusiwe kwenda kazini mchana na kurudi gerezani kulala.

Kazini ni wapi? Ofisi ya mfuko wake wa masomo. Ileile iliyochagua wasichana.

Fisi kapewa ruhusa ya kwenda kazini, na kazi yake iko zizini.

Ukurasa wa juu kabisa ulikuwa mpya. Mfadhili ameomba amalizie kifungo nyumbani. Sababu: ugonjwa wa taya. Chakula cha gerezani kinamuumiza, hawezi kutafuna. Kulikuwa na barua ya daktari mmoja wa kawaida, si wa meno. Kulikuwa pia na nakala ya daftari la gereza la kutoka na kuingia, ambalo nalo mtu yeyote anaweza kuomba kuliona.

Siku ile aliyokuja kwangu iliandikwa hivi: dharura, matibabu ya jipu la taya. Mahali: jina la kliniki yangu.

Niliegemea kiti. Karibu nianguke.

Nyumba ya Mfadhili iko mtaa mmoja na chuo ambacho Chiriku alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Ilimchukua miaka mitatu kukubali kutoka nyumbani peke yake. Dada alishaniambia: mtu yule akirudi pale, mtoto hakanyagi tena chuoni.

Ombi lingesikilizwa wiki ile ile. Na mimi, niliyejua kwamba taya lile halina hata mkwaruzo, nilikuwa nimefungwa mdomo.

Nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Kijana nadhifu, meza safi mno.

"Naomba niitwe shahidi kwenye ombi hili," nikasema.

"Shahidi wa nini?"

"Hapa siwezi kusema. Niulizeni mbele ya hakimu, nitajibu."

"Dada yangu, serikali haipingi ombi."

"Mmelisoma?"

"Tumelipokea."

Nilirudi kliniki nimekunja uso. Bi Koleo naye anabanwa na siri ileile, kwa hiyo kwake niliweza kutoa moyoni.

"Wanasema sheria ni msumeno," nikamwambia, "hukata mbele na nyuma."

"Msumeno gani, daktari? Kwa mwizi wa kuku ni msumeno. Kwa yule mzee wako ni kisu cha siagi."

Jioni nilikwenda kwa dada. Nilimweleza yale tu yaliyo wazi kwa kila mtu: ruhusa ya mchana, ombi, siku ya kusikilizwa. Alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwathirika ana haki ya kusikilizwa," nikasema. "Chiriku akija, hakimu lazima ampe nafasi."

"Haji."

"Dada..."

"Haji, nimesema. Ndiyo kwanza ameanza kulala usiku. Unataka akasimame mbele ya yule mtu aeleze nini? Na usimwambie. Niahidi."

"Ana miaka kumi na minane sasa."

"Na mimi ni mama yake. Niahidi, mdogo wangu."

Nikaahidi. Wakati huo Chiriku alikuwa jikoni akiosha vyombo, maji yanamwagika kwa kelele. Alipotoka aliniuliza habari za kazi. Nikamwambia nzuri. Akasema sawa, akaenda chumbani.

Siku ya ombi tulikwenda wawili, mimi na dada. Safu ya pili tena.

Mfadhili alikuwa amevaa suti na kitambaa kimezunguka shingo hadi kidevuni. Alikuwa akijishika shavu. Nilitazama shavu lile nikakumbuka maneno yake kuhusu mifupa, na kwa mara ya kwanza maishani nikaelewa kwa nini watu hurusha viatu.

Wakili wake alizungumza vizuri. Nasema kweli, alizungumza vizuri sana. Alitaja utu. Alitaja umri. Alisema adhabu isigeuke mateso, na kwamba mteja wake anaishi kwa uji.

Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya chini, akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Serikali?"

"Hatuna pingamizi, mheshimiwa."

"Kuna mwathirika anayetaka kusikilizwa?"

Karani akaangalia karatasi zake. "Hakuna aliyejiandikisha..."

"Nipo."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Dada alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Hatukuhitaji kugeuka.

Chiriku alitembea hadi mbele, begi la chuo begani. Hakumtazama Mfadhili. Wala sisi.

"Unataka kueleza athari ulizopata?" hakimu akamuuliza, kwa upole.

"Hapana, mheshimiwa. Nilishazieleza polisi, zimo kwenye jalada. Nataka kuzungumzia taya."

Watu wakatazamana.

"Nimesoma daftari la gereza. Linasema mwombaji alitibiwa jipu la taya kwenye kliniki iliyotajwa pale. Barua iliyoletwa hapa haitoki kliniki hiyo. Imetoka kwa daktari ambaye si wa meno. Nikajiuliza, kama alitibiwa jipu, mbona aliyemtibu hakuandika barua?" Akaweka begi sakafuni. "Daktari wa kliniki hiyo yumo humu. Ni mama yangu mdogo, nasema mapema ijulikane. Naomba aulizwe."

Wakili alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, siri ya mgonjwa. Mteja wangu hajaridhia."

"Wakili," hakimu akasema, "taya hili limeletwa mahakamani na nani? Na mimi?"

"Hapana, mheshimiwa, lakini..."

"Basi kaa. Daktari, njoo uape. Nakuamuru ujibu."

Nilipompita Chiriku, alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Ma'mdogo, nilijua huwezi kusema bila kuulizwa. Haya, unaulizwa."

Niliapa. Hakimu aliuliza nilimtibu nini mwombaji.

"Sikumtibu kitu. Hakuwa na jipu. Taya lake ni zima, meno yake ni mazima. Alikuja kuyang'arisha kwa ajili ya picha ya Jumamosi. Nilipomuuliza kuhusu maumivu, alisema yeye anatafuna mifupa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaamriwa atoke.

Mfadhili aliondoa mkono shavuni. Hakuurudisha tena.

Ombi lilikataliwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini naandika ukweli.

Hakimu alikataa kifungo cha nyumbani, akaagiza daftari la gereza lichunguzwe. Kuhusu ile ruhusa ya kwenda kazini mchana, alisema iko mikononi mwa gereza, na mbele yake hakuna ombi la kuifuta. Kwa hiyo mchana uleule Mfadhili alitoka kwa mlango wa mbele, na askari wake alikuwa amembebea koti. Wakaelekea ofisini.

Koridoni dada alimkamata binti yake mabega.

"Nani alikwambia? Ni huyu?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Mlikuwa mkiniona mnanyamaza. Nikaenda masjala, nikaomba jalada. Nililisoma lote mwezi uliopita, na wiki hii nikarudi kusoma ombi. Karani akanipa na kiti."

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeanza kulala, mama. Sikutaka kukuamsha."

Dada alitafuta ukuta, akauegemea. Tulikuwa familia moja, watu wazima wawili tukimlinda mtoto, na mtoto kwa upande wake akitulinda sisi, na wote tunalinda kitu ambacho kipo masjala kwa yeyote anayekiomba.

Chiriku alimfuata karani aliyekuwa akifunga kabrasha.

"Maelezo ya leo yataingia kwenye jalada lini?"

"Keshokutwa. Kwani unayahitaji?"

"Nataka kuandika ombi ruhusa ile ya mchana ifutwe. Na kuna wenzangu wanne. Nitawaleta waje wasome."

Karani alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Waje mapema," akasema. "Viti ni vichache."

Haya ndiyo ninayotaka ubaki nayo wewe uliyesoma mpaka hapa. Mtu yule hakupewa upendeleo gizani. Alipewa mchana, kwa maandishi, kwa mihuri na sahihi, na karatasi zikawekwa mahali ambapo mimi na wewe tunaruhusiwa kuingia. Waliotia sahihi hawakuogopa, kwa sababu walijua hatutakwenda.

Nenda. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie umekuja kusoma.