Fundi wa vitabu aliyeshona mwanzo ukawa mwisho

Saa moja asubuhi, Mama Gundi anakoroga sufuria ya unga wa ngano katika chumba kidogo nyuma ya maktaba ya shule. Si uji, ingawa mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuomba kikombe. Ni gundi. Mezani zipo riwaya ishirini zilizochanika migongo, na shazia lake, sindano nene ya kushonea, amelichomeka kwenye kilemba.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akijalidi vitabu. Hushona mafungu ya kurasa, hupaka gundi, huweka jiwe juu, kisha husubiri. Katika kusubiri huko ndiko alikosomea.

“Wengine wakisubiri wanapiga soga. Humu nipige soga na nani? Nikawa nasoma.”

Riwaya anayoipenda kuliko zote ni ya binti wa miaka kumi na miwili anayebaki msituni na mdogo wake baada ya mafuriko. Sababu anaijua. Akiwa na miaka kumi na mitatu alifiwa na mama, baba akiwa hajulikani aliko, akaachiwa wadogo watatu. Wa mwisho alikuwa na miezi tisa. Shule ikaishia hapo.

Mwezi uliopita riwaya hiyohiyo ilimuumbua. Mchwa walikula sehemu ya juu ya nakala moja, namba za kurasa na vichwa vya sura vikapotea. Kwa kuwa hadithi anaijua kwa moyo, alishona bila kusoma. Fungu la kwanza likaenda mwisho.

Msichana aliyeazima nakala hiyo aliandika kwenye insha kwamba shida zilipokwisha, binti alirudishiwa utoto wake: akawa anacheza nyumbani na kuogopa vyura. Mwalimu akampa sifuri. “Umesoma kitabu gani wewe?”

Msichana alikuja maktaba akilia. Mama Gundi akafungua kitabu, akaona alivyokosea mshono. Angeweza kunyamaza. Badala yake alivua aproni, akapiga moyo konde, akaenda darasani.

“Mwalimu, mtoto huyu hana kosa. Kosa ni langu.”

Mwalimu alicheka. “Kosa moja haliachi mke, Mama Gundi.” Sifuri akaifuta. Kisha akamuuliza mbele ya darasa zima: shida zilimkuzaje binti yule?

“Shida haikumkuza,” alijibu. “Aliyemkuza ni mdogo wake. Angekuwa peke yake angelala chini akafa. Lakini mtoto analia njaa, utalala vipi? Wanangu, msije mkaishukuru shida. Ile ilimnyang’anya tu.”

Mwalimu akamwambia afanye mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akakataa katakata. “Nikae na watoto niliowashonea vitabu? Wataniita bibi!”

Aliyemgeuza ni yule mdogo wake wa miezi tisa, ambaye sasa ni muuguzi. Alikuja na fomu ameshaijaza. “Dada, ulinibeba mgongoni ukaniambia nisome. Leo zamu yako. Ila mimi sikubebi, umenenepa.”

Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Anaogopa, wala hafichi. Miaka thelathini hajaandika insha, na akifeli, shule nzima itajua. Kila jioni hubaki mezani na daftari, akijibu swali alilopewa na mwalimu: eleza jinsi shida zinavyomkuza mhusika kijana. Amefuta mara tatu, karatasi imetoboka.

Sentensi iliyobaki ni moja tu. “Kabla ya mafuriko, binti huyu alikuwa akiogopa vyura na kucheka sana.”

Anaifunika kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

“Wanafunzi wote huanzia kwenye mafuriko,” anasema. “Hakuna anayeuliza kabla ya hapo alikuwaje. Nataka msahihishaji ajue. Mimi nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilikuwa nacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.”